Mboga Kwenye Fremu: Somo la Bustani ya Kusimama Mahali pa Chumvi

Somo la safari hii ni la kulima mboga bila udongo, kwenye mitungi iliyopangwa kwenda juu kama ngazi. Tutalieleza kwa kisa cha Vanga, kwa sababu huko ndiko tulikoharibu kwanza, na fedha zilizoharibika hazikuwa zetu, zilikuwa za akina mama.

Wanaokujua Vanga wanajua kwamba kijiji kiko chini sana, kimezungukwa na mikoko, karibu na pale Mto Umba unapoingia baharini. Umba unatoka milima ya Usambara, Tanzania. Mvua kubwa ikinyesha kule juu, maji yanakuja huku chini hata kama hapa halijadondoka tone. Na wakati wa bamvua bahari nayo inapanda, inanusa milango ya watu. Samaki, tunashukuru, bado wapo. Taabu ni mboga ya majani. Ukipanda mchicha nyuma ya nyumba unaota vizuri, mnafurahi, halafu majani yanaanza kuungua pembeni, na mwezi haujaisha shina limekauka. Basi mama anangoja mboga inayoletwa kwa gari, na kwa siku nyingi inafika imelala. Pesa ya samaki wa asubuhi inarudi kununua fungu la majani jioni.

Ndipo tulipofikiria kulima bila udongo. Wataalamu wanaita haidroponiki. Jina ni kubwa lakini jambo lenyewe ni dogo: mmea hauli udongo. Mmea unakunywa maji yenye chakula ndani yake, na udongo ni nyumba tu ya mizizi na ghala la chakula hicho. Ukiupa mmea nyumba nyingine, na ukautilia chakula katika maji, utakua. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha California, William Gericke, alianza kuandika habari hizo mwaka 1929, na nyanya zake zilipanda juu mpaka watu wakazichuma kwa ngazi. Katika miaka hiyo ya 1930 kampuni ya ndege ya Pan American ilitumia njia hiyo kupata mboga za abiria kwenye kisiwa cha Wake, katikati ya Pasifiki, ambako hakuna udongo wa kulimika. Kwa hiyo tangu zamani hii ni kazi ya watu waliozungukwa na bahari.

Hapa Kenya wengi mmesikia habari za bustani za magunia. Mwaka 2008, baada ya zile ghasia za uchaguzi, shirika la Solidarités lilianza kuwasaidia watu wa Kibera kupanda sukuma wiki kwenye magunia, juu na ubavuni. Ile ni njia nzuri na bado tunaisifu, lakini gunia linataka udongo mwema. Kibera udongo uliletwa. Vanga tungeutoa wapi? Udongo wa karibu ndio huo huo wenye chumvi.

Yaliyotupata

Kikundi kilikuwa na akina mama 14. Walichanga kutoka mfuko wao wa mzunguko, wakanunua mbegu, mbolea na misumari, na sisi tukaleta maarifa, au tulichodhani ni maarifa. Mitungi ya mafuta ya kupikia ilipatikana bure. Badala ya udongo tukachagua makumbi ya nazi, kwa sababu makumbi hushika maji kama sifongo na bado huacha hewa ipite kwenye mizizi. Hata wenye mashamba makubwa hununua makumbi yaliyosagwa kwa kazi hiyo hiyo. Sisi tunayo nyumbani, bure! Tulijiona tumefika.

Tulipanda miche ya sukuma wiki Jumatatu. Siku ya tisa majani ya chini yalikuwa na ukingo wa kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Tukasema, hawa wana njaa. Tukaongeza mbolea. Siku mbili baadaye hali ilizidi. Tukaongeza tena kidogo. Kufikia Jumatatu ya tatu miche yote 32 ilikuwa imekufa, na mwenyekiti akatuuliza mbele ya kikundi kizima, kwa adabu lakini bila kuzunguka: "Sasa pesa yetu tutaiandika wapi kwenye daftari?"

Hatukuwa na jibu.

Aliyetujibia ni bibi mmoja ambaye hata si mwanakikundi. Alikuwa amekuja kumchukua mjukuu wake. Tukamwamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa." "Marahaba, wanangu. Kwani kuna msiba gani hapa?" Tukamweleza. Akachovya kidole kwenye beseni la chini ambamo maji yalikuwa yakidondokea, akagusa ulimi, akatema.

"Haya makumbi mmeyatoa wapi?"

"Kwa wasokota kamba, bibi."

"Wasokota kamba huyafukia wapi makumbi yao?"

Kimya. Kila mtu pale alijua. Makumbi ya kamba hufukiwa kwenye tope la pwani, yanakaa humo miezi maji ya bahari yakipanda na kushuka, mpaka yalainike, ndipo yanapondwa. Maana yake tulikuwa tumepanda sukuma wiki ndani ya bahari, tena tukainywesha maji ya kisima ambacho nacho ni cha chumvi chumvi. "Mmeyatoa baharini mkayaleta nyumbani," bibi akasema, akamshika mjukuu wake mkono akaenda zake.

(Yeye alionja. Nyinyi msionje maji yaliyokwisha tiwa mbolea.)

Kosa letu la pili lilikuwa kubwa kuliko la kwanza, na hili tunaomba mlishike. Mbolea za madukani ni chumvi pia. Si chumvi ya kupikia, ni chumvi za aina nyingine, lakini kwa mzizi kazi yake ni moja: chumvi ikizidi nje ya mzizi, maji hayaingii, na mmea unakufa kwa kiu huku umesimama ndani ya maji. Kwa hiyo mmea ukiungua ukingo wa majani, nawe ukauongezea mbolea, umeumalizia. Mwenye njaa hugeuka njano, kwa kawaida kuanzia majani ya zamani. Mwenye chumvi huungua pembeni na ncha. Ukiona kuungua, suuza kwa maji matamu, mbolea weka kando.

Zile fedha za mbegu na mbolea tulizirudisha kwa kikundi kutoka mfukoni mwetu, kidogo kidogo. Tunalitaja hili kwa sababu wafanyakazi wa maendeleo wengi, nasi tukiwemo, tuna tabia ya kufanya majaribio kwa pesa za wengine. Akina mama wanne waliondoka. Kumi wakasema tujaribu mara moja tena, lakini safari hii kwa fremu moja tu, na kwanza tuanze na maji.

Kwanza maji

Kabla hujatoboa mtungi hata mmoja, pima maji yako. Kipimo chetu ni maharagwe, kwa sababu katika mazao ya kawaida maharagwe ni miongoni mwa yale yasiyovumilia chumvi kabisa. Chukua makopo mawili, tia mchanga uliosuuzwa kwa maji ya mvua, panda maharagwe matano kila kopo. Moja limwagie maji ya mvua, la pili maji ya kisima chako. Ngoja wiki mbili au tatu. Yakilingana, maji yako yanafaa. Ya kisima yakichelewa, yakidumaa au yakiungua pembeni, hayo ni ya kufulia. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kama tungekifanya mwanzoni akina mama wale wanne wangekuwa bado nasi.

Kisima kikikataa, tegemea mvua. Fanyeni hesabu hii pamoja, hata mtoto wa darasa la sita ataiweza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Bati la mita 4 kwa mita 5 ni mita za mraba 20. Mvua ya milimita 10, ambayo si mvua kubwa wakati wa masika, itakupa lita 200, yaani pipa moja, ukitoa kidogo kinachopotea. Fremu yetu ya mitungi 16 ilikuwa ikinywa lita 6 hivi kwa siku ya jua kali. Basi pipa moja lilitosha karibu mwezi mzima. Maji ya paa la makuti huwa na rangi ya chai, lakini mboga hazijali. Pipa lifunikwe kwa kitambaa kilichobanwa vizuri, maana mbu wa malaria na wa homa ya dengi hawahitaji mwaliko.

Makumbi

Usitumie yaliyofukiwa pwani ikiwa unaweza kupata mabichi ya shambani. Hata ya shambani huwa na chumvi kidogo, kwa kuwa mnazi wa pwani huivuta. Yakatekate kwa panga vipande vya ukubwa wa kidole gumba, pamoja na ule ungaunga unaobaki mtu akiponda usumba. Ungaunga huo wasokota kamba wanautupa, na ndio unaoshika maji kuliko nyuzi zenyewe.

Loweka usiku kucha katika maji matamu, kamua, mwaga. Rudia mara tatu. Ndiyo, maji mengi yanatumika, kwa hiyo kazi hii ifanywe wakati wa mvua, si Januari. Kama una mbolea ya kalsiamu naitreti, katika kuloweka kwa mwisho tia vijiko 4 vya chakula kwenye ndoo ya lita 20, ulaze makumbi humo, kisha suuza. Makumbi hung'ang'ania chumvi ya bahari, na kalsiamu huja kuisukuma itoke ikae yenyewe. Halafu panda maharagwe matatu kwenye kopo la makumbi hayo. Yakiota na kupendeza, endelea.

Kujenga fremu

Nguzo mbili za mvinje, kila moja mita 2 na nusu, zichimbiwe chini nusu mita, zikiachana mita moja na nusu. Msikate mikoko kwa kazi hii. Vanga, Jimbo na Kiwegu wanailinda mikoko yao kupitia mradi wa Vanga Blue Forest, na mapato yake yanarudi kijijini, itakuwa aibu kuiba huku ili kupanda mchicha. Mvinje unatosha kabisa.

Fremu ielekee kaskazini na kusini. Hivyo upande mmoja unapata jua la asubuhi na mwingine la alasiri, na upepo wa kusi unakuta ncha ya fremu badala ya kuipiga kifuani. Fito nne za kulala zifungwe, ya kwanza sentimita 60 kutoka chini, kila inayofuata shibiri mbili juu ya mwenzake. Kwenye kila ufito panga mitungi minne ya lita 5, imelala ubavu. Kabla ya kuifunga kata dirisha pana upande wa juu, na upande wa chini toboa matundu sita kwa msumari uliopashwa moto. Ndani tandika kipande cha wavu chakavu ili makumbi yasiteremke na maji. Funga kila mtungi kwa mshipi sehemu mbili. Wavuvi wenu wanajua fundo la kufunga kuliko sisi, waiteni. Mitungi 16 ikilowa ina uzito kama wa mtu mzima, na fremu yetu ya kwanza ililala chali usiku mmoja wa upepo.

Mitungi ing'aayo ipakwe rangi nzito au ivishwe gunia. Mwanga ukiingia ndani utaota uteute wa kijani unaokula mbolea yenu. Chini ya fremu weka mabeseni, na kuzunguka yote nyavu kuukuu, kwa sababu mbuzi wa Vanga wanajua kusimama kwa miguu miwili.

Kumwagia

Hatutumii pampu. Tumeona mifumo mizuri ya mabomba ambayo maji huzunguka kwa umeme, na siku umeme unapopotea, kwa joto letu, mizizi iliyo mitupu haingoji mpaka jioni. Tena maji yakipata moto hewa iliyomo hupungua, mizizi inaoza. Makumbi yanakusamehe ukichelewa kidogo. Sisi tunatumia kopo lenye matundu: lita moja asubuhi kwenye kila mtungi wa juu, polepole, na lita moja alasiri. Maji yanateremka mtungi kwa mtungi mpaka beseni. Yaliyofika chini yarudishe juu safari inayofuata. Baada ya wiki yamwage kwenye shina la mnazi, usiyatunze, kwa sababu kila yanapozunguka maji hupungua na chumvi hubaki. Mara moja kwa wiki mwagia maji matupu mengi yasiyo na mbolea, yasuuze mitungi yote. Ukiona unga mweupe juu ya makumbi, umechelewa kusuuza.

Mbolea ya kazi hii huuzwa sehemu mbili, kila moja na pakiti yake. Kila moja iyeyushwe peke yake katika maji mengi ndipo zikutane. Zikikutana zikiwa nzito, kalsiamu hushikana na wenzake ikatuama chini kama chokaa, na mmea hauwezi kuinywa chokaa. Fuata kipimo cha pakiti, na kwa miche midogo tumia nusu yake wiki mbili za mwanzo. Mbolea ya kawaida ya mahindi haitoshi, kwa kuwa udongo ndio ulikuwa ukitoa vitu vingine vyote, magnesiamu, chuma na hivyo vidogo vidogo, na hapa udongo haupo.

Wengine watasema, pakiti hizo ni ghali. Ni kweli, na tusidanganyane. Kikundi kisicho na uwezo kichanganye makumbi mafungu mawili na samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa fungu moja, kisha kimwagie maji ya mvua tu. Hiyo si haidroponiki kamili, mwenye diploma atakununia, lakini mboga itapatikana. Samadi ya kuku itumike kidogo sana. Ni kali, na nayo ina chumvi.

Nini kipandwe

Anzeni na mchicha. Baada ya wiki tatu au nne mnakata, mnaacha vifundo viwili, unachipua tena, na hata ukifa hasara ni ndogo. Sukuma wiki ikae mitungi ya juu kwenye jua. Spinachi ikae ya chini, kwa sababu inavumilia kivuli, na pia inavumilia chumvi kuliko sukuma, na chumvi huelekea kujikusanya chini. Matembele ya viazi yanakubali popote. Saladi tuliijaribu mara moja, joto likaifanya chungu.

Fremu ya pili ya Vanga ilianza kukatwa mchicha siku ya 26. Tuliandika kila fungu kwenye daftari: la kula nyumbani upande mmoja, la kuuza upande wa pili, na ukurasa wa nyuma gharama. Fremu moja haitajirishi mtu. Iliwapa wale mama kumi mboga ya zamu, kila mmoja siku yake, na kidogo cha kuuza mwisho wa wiki. Mpaka hapo ilikuwa haijalipa gharama zake zote, ilikuwa bado safari ya mavuno kadhaa. Katibu aliyaandika hayo bila kuficha, na ni daftari hilo lililowafanya wawili kati ya wale wanne warudi. Walikuja wakalisoma ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuketi.

Maswali ya kujadili kikundini

Kaeni watano watano kwa nusu saa, kisha mkutane wote.

Maji ya kisima chenu ni matamu, ni ya chumvi, au hamjui? Nani atapanda maharagwe ya kupimia, na lini mtayatazama pamoja?

Makumbi ya kijiji chenu hufukiwa wapi? Ni wazee gani wanaolijua jambo hilo, na je, wamewahi kuitwa kwenye mkutano wenu?

Fremu ya kwanza ikifa, hasara itabebwa na nani? Andikeni jibu hili kwenye daftari kabla ya kununua msumari wa kwanza.